Aliyepunguzwa Tumbo na Meza ya Futari

Dada mmoja wa Pasiansi, hapa Mwanza, ametuletea swali ambalo miaka 20 iliyopita lisingeulizwa. Alifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo miezi 5 iliyopita, Ramadhani inakaribia, na nyumbani kila mtu ana lake. Mume anahofia afya yake. Mama mkwe anasema asipofunga watu watamsema. Je, afunge?

Kwanza tujue alichofanyiwa. Tusichanganye na puto, ambalo huingizwa tumboni na baadaye hutolewa bila kukata kitu. Huduma hiyo ilianza Mloganzila, Dar es Salaam, mwaka 2022. Yeye amekatwa kama robo tatu ya mfuko wa chakula, amebaki na kifuko chembamba mfano wa ndizi. Sehemu iliyoondolewa ndiyo iliyokuwa ikitoa kwa wingi homoni ya njaa. Chakula nacho sasa hufika upesi kwenye utumbo mdogo na kuamsha homoni nyingine zinazoisaidia insulini. Ndiyo maana mwenye kisukari huweza kuona sukari ikishuka ndani ya siku chache, uzito ukiwa bado haujapungua. Kipimo cha zamani cha insulini au vidonge chaweza basi kumwangusha, na kwa mfungaji hatari ni kubwa zaidi. Hilo amwulize daktari wake kabla ya kutia nia.

Wanaojiandaa kwa upasuaji kwa kawaida huambiwa wapunguze wanga na mafuta kwa wiki kama mbili, ili ini lililojaa mafuta lisinyae na lisimzibe mpasuaji. Wengine hufanya sherehe ya kuaga pilau. Wanajiumiza wenyewe.

Baada ya upasuaji, kazi ya sahani ni kuleta protini, gramu 60 au zaidi kwa siku, ili misuli isiliwe pamoja na mafuta. Hapa sisi wa ziwani tumebarikiwa. Kipande cha sato cha gramu 100, bila miba, kina protini kama gramu 20. Yai moja lina 6. Dagaa wa Mwaloni Kirumba, wakisafishwa mchanga vizuri, wanaongeza na chokaa ya mifupa. Aanze na samaki, kisha mboga, ugali uwe wa mwisho na kidogo, maana tonge tatu tu zaweza kujaza kifuko chote.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi. Kwa dada huyu hata chakula na maji havikai pamoja: anywe funda ndogo ndogo, na akishakula angoje kama nusu saa. Anahitaji maji kama lita moja na nusu kwa siku, pamoja na milo midogo 5 hivi. Jaribu kuvipanga vyote hivyo kati ya magharibi na alfajiri, ukitoa saa za kulala na tarawehe. Haviingii.

Kwa hiyo, kwa miezi 5, ushauri wetu ni asifunge. Wataalamu wengi hutaka mwaka upite kwanza. Mgonjwa ana ruhusa iliyo wazi katika Suratul Baqarah, aya ya 184, atalipa siku zake daktari akimruhusu. Namna ya kulipa aulize kwa sheikh wake. Mama mkwe naye asomewe aya hiyo.

Na atakapokaa na wenzake kwenye futari, asishawishiwe uji wa sukari, kaimati na tende tano kwa mpigo. Sukari ikishuka ghafla utumboni huleta jasho, moyo kwenda mbio, tumbo kukata na kuharisha. Tende moja, aitafune polepole.

Vitamini na madini atameza maisha yote, hasa B12, madini ya chuma, chokaa na vitamini D. Baadhi ya vidonge vya ganda laini hutengenezwa kwa jelatini ya nguruwe, hivyo aulize duka la dawa, apewe vya kutafuna au vya ganda la mimea. Akitapika siku mbili tatu mfululizo asingoje dawa za kienyeji, aende hospitali siku hiyo hiyo, kwani upungufu wa vitamini B1 huharibu mishipa ya fahamu upesi.