SOMO LA ROBO HII: YARED, MWANAFUNZI ALIYESHINDWA DARASANI

Neno: Luka 13:6–9



Robo hii tunajifunza kwa Yared wa Aksum, Ethiopia, aliyeishi karne ya 6. Sisi Walutheri hatuwaombi watakatifu. Hata hivyo Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, kifungu cha 21, linatufundisha kuwakumbuka ili imani yetu itiwe nguvu, na kila mmoja aige mema yao katika wito wake.

Maisha yake

Mapokeo ya Kanisa la Ethiopia yanasema Yared alizaliwa mwaka 505. Alifiwa na baba angali mdogo, akapelekwa kusoma kwa ndugu yao, kasisi Gedeon. Masomo hayakumwingia. Alichapwa, akachekwa na wenzake, mwisho akatoroka.

Njiani alipumzika chini ya mti. Akaona kiwavi akipanda shina, anaanguka, anapanda tena. Wengi husimulia kuwa mara ya saba kiwavi alifika juu akala tunda. Yared alilia, akarudi kwa mwalimu wake kuomba msamaha. Gedeon akampokea.

Kijana huyo ndiye anayeheshimiwa leo kama baba wa nyimbo za ibada za Ethiopia. Mitindo yake mitatu ya uimbaji, yaani Geez, Izil na Araray, ingali inatumika. Inasimuliwa pia kwamba siku moja aliimba mbele ya mfalme Gebre Meskel, na mkuki wa mfalme ukamchoma mguu bila wote wawili kutambua mpaka wimbo ulipokwisha. Mfalme akamwambia aombe lolote. Yared hakuomba mali wala cheo. Aliomba ruhusa ya kuondoka ikulu, akaenda milima ya Semien, akasali na kufundisha huko hadi kufa kwake.

Linalotuhusu

Naomba niseme la kwangu. Miaka kadhaa iliyopita niliweka sahihi kwenye orodha ya wanafunzi walioondolewa katika mfuko wa ada kwa kufeli kidato cha nne. Kanuni ilikuwa wazi, na taarifa kwa wafadhili ilipendeza, kwa sababu waliobaki wote walikuwa wamefaulu.

Baadaye nilikuwa Kariakoo, Mtaa wa Kongo, nikasikia, "Shikamoo, mratibu." Alikuwa mmoja wa wale vijana, ameshika soksi mkononi anauza. Hakunilaumu. Aliniambia anaweka akiba arudie mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nilipouliza kiasi kilichopungua, niliona aibu. Kilikuwa kidogo kuliko gharama ya chai ya kikao kilichomwondoa.

Nilipeleka habari hiyo kwenye kamati. Tukakubaliana kwamba asiondolewe mtu kabla hajatembelewa nyumbani na kusikilizwa, na kwamba anayetaka kurudia asaidiwe mara moja. Kijana yule alirudia masomo manne, akafaulu matatu. Leo yuko chuo cha ufundi.

Mafundisho matatu

1. Tusimsifu kiwavi tukamsahau Gedeon. Ni rahisi kumwambia kijana ajitahidi. Lakini Yared alirudi akakuta mlango uko wazi. Juhudi yake isingemfikisha popote kama mwalimu angesema nafasi imejaa.

2. Fimbo ilimfukuza, haikumfundisha. Tuulize kwanza kwa nini mtoto ameshindwa: njaa, umbali, ugonjwa wa mzazi, macho yasiyoona ubao?

3. Nafasi ya pili ina masharti yake. Katika Luka 13 mtunza shamba aliomba mwaka mmoja zaidi, na akaahidi kupalilia na kutia mbolea. Kungoja tu bila kazi ni uzembe. Kwa hiyo fedha ya kurudia iwe na muda, stakabadhi na mtu wa kufuatilia.

Kwenu wafadhili: mna haki ya kuona matokeo, nasi tutaendelea kuyaleta. Lakini kuanzia sasa taarifa zetu zitataja pia walioshindwa na tulichofanya nao. Asilimia inaweza kushuka. Tunaomba mtuvumilie, maana njia nyepesi ya kuipandisha ni kuwafuta wanyonge kwenye daftari.

Maswali ya kujadili kwenye kamati

– Ni watoto wangapi tuliowaondoa miaka mitatu iliyopita? Wako wapi leo?
– Nani aliwatembelea kabla ya uamuzi?
– Katika bajeti yetu, nini kinaweza kupunguzwa ili mmoja arudie mtihani?

Sala: Ee Bwana, uliyetuvumilia sisi mara nyingi, utupe moyo wa kuwapokea wanaorudi. Amina.

Mratibu wa Miradi, Posta, Dar es Salaam