Motokaa za Siku Hizi na Fundi wa Nyumbani



Mara nyingi huwasikia watu wazima wakinung'unika kwamba motokaa za siku hizi hazitengenezeki nyumbani. Husema kwamba zamani mtu mwenye spana tatu, bisibisi na koleo aliweza kusafiri kutoka Bukavu mpaka Uvira bila hofu. Leo taa moja ndogo ya manjano ikiwaka mbele ya dereva, hana la kufanya ila kutoa fedha. Malalamiko haya si ya bure, lakini wengi hulalamika bila kujua ni kitu gani hasa kilichobadilika. Kusudi la makala hii ni kueleza jambo hilo, kwa kadiri nilivyojifunza katika somo la fizikia na kwa baba yangu mdogo, ambaye ni fundi.

Baba mdogo alijifunza kazi Bukavu. Alipofika Malawi alifanya kazi miaka mingi katika mtaa wa Biwi, hapa Lilongwe, unaopakana na Kawale. Tangu mwaka 1994 wakimbizi wa nchi hii wana kambi yao Dzaleka, katika wilaya ya Dowa, zaidi ya kilomita 40 kutoka Lilongwe. Na mwaka 2023, wakimbizi walipotakiwa kukaa kambini, yeye naye alihamishia vyombo vyake huko. Basi nimeona kazi yake mahali pawili, na kote swali ni moja: je, fundi mwenye mikono mizuri lakini asiye na mashine ya kupimia ataendelea kula kwa jasho lake?

1. Motokaa ya zamani

Injini ya petroli yataka vitu vitatu: hewa, petroli na cheche, kila kimoja kwa kiasi chake na kwa wakati wake. Katika motokaa za zamani, kama Land Rover zilizoanza kutengenezwa mwaka 1948, au Peugeot 404 iliyotoka mwaka 1960, mambo hayo yaliongozwa na vyombo vinavyoonekana kwa macho.

Kabureta ilichanganya hewa na petroli. Hewa ikipita katika koo jembamba huenda mbio zaidi, na nguvu yake ya kusukuma hupungua; ndipo petroli huvutwa kupitia tundu dogo na kuchanganyika nayo. Tundu likiziba kwa uchafu, fundi alilifungua, akalipuliza kwa mdomo, akalirudisha. Cheche nayo iliongozwa na platini, yaani vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana. Fundi asiye na kipimo alikata kipande cha pakiti ya sigara na kukipitisha kati ya vyuma hivyo. Kikipita kwa kukwaruza kidogo, nafasi inatosha.

Jambo la kukumbuka hapa ni hili: ubovu ulikuwa kitu cha kuonekana, kusikika au kunuswa. Kwa hiyo mtu aliweza kujifunza kwa kukaa karibu na fundi na kumtazama, hata kama hakujua kusoma.

2. Kilichobadilika

Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitoa chombo cha kunyunyizia petroli kwa kuongozwa na umeme, nacho kikatiwa katika Volkswagen 1600. Tangu hapo kabureta ilianza kurudi nyuma, na leo imetoweka katika motokaa mpya. Mahali pake pamewekwa nozeli zinazonyunyiza petroli, na nozeli hizo hutii amri ya kompyuta.

Ili tuone ukubwa wa kazi hiyo, na tufanye hesabu. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, huzunguka mara 50 kwa sekunde. Kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili, yaani mara 25 kwa sekunde. Injini yenye silinda nne huwaka mara 100 kwa sekunde. Kila mara kompyuta huamua kiasi cha petroli na wakati wa cheche. Hapana sikio wala jicho la mtu liwezalo kufuata mambo hayo.

Kompyuta hiyo hupata habari kwa vyombo viitwavyo sensa. Moja hupima hewa inayoingia, nyingine joto la maji, nyingine mzunguko wa injini. Katika bomba la moshi huwekwa sensa ya oksijeni. Petroli huungua vizuri ikichanganyika na hewa mara 14.7 ya uzito wake. Katika sensa za aina iliyozoeleka, petroli ikizidi, sensa hutoa umeme wa karibu volti 0.9, hewa ikizidi, hutoa karibu volti 0.1. Kompyuta husoma tofauti hiyo na kuongeza au kupunguza petroli.

Basi ubovu umehama. Zamani ulikaa katika chuma, ambacho mkono hukigusa. Sasa mara nyingi hukaa katika habari zinazopita ndani ya waya, na habari haziguswi. Hupimwa na kusomwa.

3. Kwa nini walifanya hivyo?

Wako wasemao kwamba makampuni yalifanya hivi ili kutunyang'anya fedha tu. Hiyo si kweli yote. Miji mikubwa kama Los Angeles ilikuwa imejaa moshi wa motokaa, na mwaka 1970 Marekani ilitunga sheria kali ya kusafisha hewa. Kabureta haikuweza kupima petroli kwa uangalifu uliotakiwa na sheria hiyo. Kadhalika petroli ya zamani ilitiwa madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa watoto na huharibu chombo cha kusafisha moshi kilichomo katika bomba. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliacha kuuza petroli hiyo mwanzoni mwa mwaka 2006, na nchi ya mwisho duniani, Aljeria, iliacha mwaka 2021.

Tena motokaa ya siku hizi hunywa petroli kidogo kwa kazi ile ile, na huwaka asubuhi ya baridi ya mwezi wa Juni bila kubembelezwa. Tusisifu mambo ya kale kana kwamba hayakuwa na taabu.

4. Taa ya manjano

Kuanzia mwaka 1996 kila motokaa ndogo mpya iliyouzwa Marekani ilipaswa kuwa na soketi yenye nafasi 16 za pini, karibu na usukani, na kuandika ubovu wake kwa namba zinazofanana kwa makampuni yote. Mpango huo huitwa OBD-II. Ulaya ilifuata mwaka 2001 kwa motokaa za petroli. Kompyuta ikiona jambo lisilo sawa huwasha taa ya manjano na kuhifadhi namba. Mwenye mashine huichomeka katika soketi na kuisoma.

Mfano: namba P0301. Herufi P maana yake injini na giaboksi. Sifuri ni namba ya makampuni yote; ingekuwa 1, kwa kawaida ingekuwa namba ya kampuni yenyewe. Tarakimu 3 ni mambo ya cheche na kutowaka, na 01 ni silinda ya kwanza. Basi maana yake: silinda ya kwanza haiwaki vizuri. Lakini angalia, haikusema kwa nini. Huenda plagi imechoka, au koili, au nozeli, au hata vali.

Hapa ndipo wengi hupotea. Mwaka 2022, huko Biwi, mama mmoja mwalimu alileta gari lake dogo la Kijapani lililokuwa likitetemeka kila liliposimama. Alikuwa ametoka katika karakana moja yenye mashine. Walisoma namba P0171, wakamwambia anunue sensa mpya. Akanunua. Baada ya siku mbili taa ikawaka tena, wakamwambia anunue kompyuta nzima. Baba mdogo aliisikiliza injini, kisha akasema, "Mama, namba hii haisemi sensa imekufa. Inasema hewa imezidi petroli. Kwanza tutafute hewa inaingilia wapi." Akapapasa mipira ya hewa mmoja mmoja, akaona mmoja umepasuka upande wa chini, mahali pasipoonekana. Akaubadilisha, namba ikafutwa, na taa haikuwaka tena.

Tazameni basi: mashine ilisema kweli, lakini waliyoisoma hawakuielewa. Na Baba mdogo, aliyeielewa, hakuwa na mashine. Namba aliipata katika karatasi ya wenzake. Mashine bila fundi ni hasara kwa mwenye gari. Fundi bila mashine naye hubaki akingoja karatasi za watu.

5. Mlango uliofungwa

Yako pia mambo ambayo elimu peke yake haiyafungui. Wiki ile ile alikuja mtu aliyepoteza ufunguo. Ufunguo wa siku hizi una kidude ndani kinachotambuliwa na kompyuta, na bila programu inayofaa huwezi kuandikisha mwingine. Baba mdogo alimrudisha mtu yule. Sehemu nyingine nazo hazikubali kazi mpaka kompyuta iambiwe kwamba zimebadilishwa, na makampuni huuza ruhusa hiyo kwa bei kubwa. Magari mengi ya kwetu hutoka Japani yakiwa yametumika, na mengi hupitia bandari ya Dar es Salaam. Yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yenyewe hayakubanwa na sheria ya Marekani. Mengine yana soketi ya umbo lile lile lakini hayajibu maswali yote.

Bei nayo ni ukuta. Mwezi wa Novemba 2023 kwacha ilishushwa thamani, na dola moja ikapanda kutoka karibu kwacha 1,180 hadi 1,700. Kila mashine inayonunuliwa nje ikapanda pamoja nayo.

Lakini mlango uliofungwa kwa amri ya watu huweza kufunguliwa kwa amri ya watu. Mwaka 2012 wapiga kura wa jimbo la Massachusetts, Marekani, walikubali sheria ya kuyalazimisha makampuni kuwauzia mafundi wote habari za matengenezo. Karibu nasi, Afrika Kusini ilitoa mwongozo ulioanza tarehe 1 Julai 2021, unaowapa wenye magari nafasi ya kumchagua fundi bila kupoteza dhamana ya gari. Kaka zetu mnaosoma sheria, jambo hili lawangojeni.

6. Tufanye nini?

Kwanza, tusiache kazi ambazo bado ni za nyumbani: kubadilisha oili, kusafisha chujio cha hewa, kutazama plagi, breki na maji.

Pili, kabla ya kulaumu kompyuta tupime betri. Injini ikiwa imezimwa, betri nzima iliyojaa huonyesha karibu volti 12.6, injini ikiwaka, kwa kawaida huonyesha kati ya 13.8 na 14.5. Betri dhaifu au waya wa ardhi wenye kutu huweza kuwasha taa nyingi za uongo. Mita ndogo ya umeme bei yake ni ndogo kuliko ile ya sensa moja.

Tatu, mafundi washirikiane. Huko Dzaleka Baba mdogo na wenzake wanne walichanga wakanunua mashine moja. Kila mmoja huitumia kwa zamu, na kijana anayejua Kiingereza huwasomea maandishi. Mara nyingi kijana huyo huwa mimi. Wao hunifundisha kusikiliza injini, nami huwaeleza maana ya volti. Sioni aibu kwa upande wowote, kwa maana kuuliza si ujinga.

Nne, tunaosoma shuleni tusidhani kwamba fizikia ni ya mtihani tu. Fundi wa zamani aliweza kuwa hodari bila kusoma. Fundi wa kesho hawezi. Asipofundishwa, kazi yake itachukuliwa, na wazee wenye ujuzi wa miaka 30 watakaa kivulini wakitazama.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini petroli huvutwa hewa ipitapo katika koo la kabureta?
2. Injini yenye silinda nne inazunguka mara 2,400 kwa dakika. Huwaka mara ngapi kwa sekunde?
3. Eleza maana ya namba P0304. Taja sababu tatu ziwezazo kuileta.
4. Betri inaonyesha volti 12.1 injini ikiwaka. Utatazama nini kabla ya kununua betri mpya?
5. Muulize fundi mmoja wa mtaani kwenu ni ubovu gani anaorudisha bila kuutengeneza. Je, anakosa chombo, elimu, au ruhusa?