Pua ya Ndege Inaporuka: Chunguza Kabla ya Kurudisha Jostiki Dukani

Mtumiaji anayenunua jostiki kwa ajili ya simuleta ya ndege, yaani programu ya kompyuta inayoiga urubani, huenda akakutana na jambo hili: ndege imetulia angani ikiongozwa na otopailoti, anaizima ili atue kwa mkono wake, papo hapo pua inainuka au inazama. Ni rahisi kuhitimisha kwamba kifaa ni kibovu. Katika somo hili tunaeleza chanzo cha jambo hilo, na namna ya kutambua ubovu wa kweli.

Chanzo chake

Ndege huinua au kushusha pua kwa bapa lililo mkiani. Ili rubani asishike usukani kwa nguvu safari nzima, kuna kirekebishi kiitwacho trimu, ambacho huihifadhi nguvu hiyo kwa niaba yake. Otopailoti nayo huitumia trimu, tena kimyakimya. Tuchukue ndege ndogo iliyoamriwa kubaki kwenye futi 3,000. Nguvu ya injini ikipunguzwa, mwendo hupungua, na otopailoti huirekebisha trimu kuelekea juu ili kimo kisipotee. Ukiizima otopailoti na kuongeza nguvu ya injini kwa wakati mmoja, trimu hubaki ilipoachwa, na pua hupanda ghafla. Otopailoti imeondoka, lakini kazi yake imebaki.

Katika ndege halisi ya aina hiyo, rubani huhisi mvuto huo mikononi. Jostiki ya kawaida ya nyumbani hurudishwa katikati na springi, kwa hiyo haimwambii mtumiaji lolote.

Jambo hili limewahi kugharimu maisha. Tarehe 26 Aprili 1994, huko Nagoya, Japani, ndege ya Airbus A300 ya China Airlines ilikuwa ikikaribia kutua. Hali ya kughairi kutua iliwashwa kwa bahati mbaya. Rubani akasukuma usukani kushusha pua, huku otopailoti ikiisogeza trimu kuiinua. Otopailoti ilipozimwa, trimu ilibaki imeelekea juu. Baadaye pua ilipanda mno, ndege ikapoteza mwendo na kuanguka. Watu 264 walifariki, 7 walinusurika.

Hatua za uchunguzi

1. Kabla ya kuzima otopailoti, weka mwendo na nguvu ya injini viwe tulivu, kisha tazama kipimo cha trimu kwenye skrini. Shika jostiki, zima, na urekebishe trimu kidogo kidogo.

2. Ikiwa una gurudumu la trimu juu ya meza, fahamu kwamba otopailoti haiwezi kulizungusha. Ukiligusa, programu inaweza kufuata mahali lilipo, na pua ikaruka.

3. Hakikisha kazi ya kuinua na kushusha pua imepewa kifaa kimoja tu. Vifaa viwili vikipewa kazi moja, amri zake hugongana.

4. Chomoa vifaa vingine, fungua ukurasa wa mipangilio ya jostiki katika kompyuta, na uisawazishe upya. Kisha ondoa mkono. Alama ya katikati ikitulia, kifaa huenda ni kizima. Ikiendelea kuhama au kurukaruka bila kuguswa, hiyo ni dalili ya ubovu.

Ukithibitisha ubovu

Rekodi video fupi ya hatua ya nne, ukionyesha alama ikihama bila mkono. Iwasilishe kwa muuzaji pamoja na risiti na hati ya dhamana, ndani ya muda uliotajwa, na uombe jibu kwa maandishi. Usikifungue kifaa wewe mwenyewe, kwa kuwa muuzaji anaweza kukitumia kitendo hicho kukataa dai lako. Muuzaji akisema kwamba tatizo ni la programu, mwonyeshe video hiyo: ilirekodiwa simuleta ikiwa haijafunguliwa.