Haja Tatu za Mtu Afanyapo Kazi na Wenzake

Watu wengi hudhani ya kuwa kazi ya shirika huharibika kwa sababu mbili tu, yaani uvivu na ukosefu wa fedha. Hapana shaka mambo hayo huharibu kazi nyingi. Lakini machifu, walimu na wazee wa kamati wamekwisha kuona kazi zenye fedha za kutosha na watu hodari, na hata hivyo zikavunjika. Kisima kimechimbwa, pampu imetiwa, na baada ya mwaka mmoja pampu imelala na akina mama wamerudi mtoni na ndoo zao. Ukiuliza sababu, waambiwa, "Hawapatani." Neno hilo ndilo twapenda kulieleza leo, kwa kuwa ugonjwa usiojulikana ni vigumu kuupatia dawa.

Mtu mmoja aliyelichungua sana jambo hili ni William Schutz, mwanachuoni wa Marekani wa elimu ya nafsi, aliyezaliwa mwaka 1925 na kufa mwaka 2002. Wakati wa vita vya Korea, vilivyoanza mwaka 1950 na kukoma mwaka 1953, alikuwa akitumikia jeshi la majini la nchi yake. Katika manowari kuna chumba ambamo habari zote za adui hukusanywa, na watu wa chumba hicho hawana budi kusaidiana upesi, ama meli itaangamia. Kila mmoja alikuwa amefundishwa kazi yake; lililotakiwa kujulikana ni hili, watu gani wakiwekwa pamoja watapatana kazini? Mwaka 1958 Schutz alitoa kitabu, akaeleza kwamba kila mtu, awe mkubwa au mdogo, ana haja tatu kwa wenzake.

Haja ya kwanza ni kuhesabiwa. Mtu ataka kujulikana kuwa yumo, jina lake latajwa, na asipokuwapo pengo lake laonekana. Wazee wetu walilijua jambo hili waliposema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe". Maana mgeni akipewa jembe si mgeni tena, bali ni mmoja wa watu wa mji.

Haja ya pili ni ya madaraka. Wako watu wapendao kuamua na kuongoza, na wako wapendao kuongozwa. Wote wawili wafaa, ila kila mmoja hutaka kazi yake iwe na mipaka iliyo wazi, naye aaminiwe ndani ya mipaka hiyo.

Haja ya tatu ni ya upendo, yaani urafiki wa moyo kati ya mtu na mtu. Huu si sawa na kuhesabiwa. Mtu aweza kualikwa katika kila mkutano, akapewa na kiti cha mbele, wala asiwe na hata mwenzake mmoja wa kumweleza taabu yake.

Tena Schutz alionyesha kwamba kila haja ina pande mbili: lile mtu awafanyialo wenzake, na lile atakalo afanyiwe na wenzake. Pande hizi hazilingani sikuzote. Yuko mtu asiyemwalika yeyote, lakini moyoni atamani sana kualikwa. Wenzake humwona kimya wakasema ana kiburi, wakamwacha, naye huzidi kunyamaza. Kadhalika yuko apendaye kuamuru, lakini hataki kuamriwa hata kidogo. Ukiwaweka wawili kama hao katika kazi moja, ndipo huonekana maana ya methali, "Fahali wawili hawakai zizi moja." Lakini tusisahau ya kuwa wawili ambao kila mmoja angojea kuamriwa huharibu kazi vilevile, ijapokuwa hawagombani, kazi hulala tu.

Sasa na turudi kwenye kisima chetu tupime mambo haya kwa mfano. Tuseme kamati ina watu watatu wanaonung'unika. Wa kwanza ni fundi wa pampu. Haitwi mkutanoni, huitwa pampu inapovunjika tu. Siku hizi akiitwa husema ana shughuli. Wazee hudhani ataka fedha, wakamwongezea ujira, naye bado huchelewa. Mtu huyu hakukosa ujira, amekosa kuhesabiwa. Mwenyekiti akimweka katika kamati na kumwuliza mbele ya watu, "Fundi, wewe waonaje?" huenda akapata zaidi kuliko alivyopata kwa zile fedha.

Wa pili ni mweka hazina. Amepewa daftari na ufunguo wa sanduku, lakini hawezi kununua hata mafuta ya pampu mpaka mwenyekiti amekubali. Wazee humsifu sana mikutanoni, wala sifa hazimpozi, kwa sababu haja yake ni madaraka. Yafaa kamati iweke kiasi ambacho aweza kukitumia bila kuuliza, kisha mwisho wa mwezi hesabu isomwe mbele ya wote.

Wa tatu ni karani, mwalimu kijana aliyetoka mbali. Anahesabiwa, na kazi yake haiingiliwi. Lakini mtoto wake alipougua hapana mjumbe hata mmoja aliyekwenda kumpa pole. Huyu akiongezewa cheo hatapona. Ataka mtu wa kubisha hodi kwake jioni.

Watu watatu wamenung'unika, na kwa masikio yetu manung'uniko yote ni mamoja; lakini dawa ni tatu, na dawa ya mmoja haimponyi mwingine. Hapo ndipo viongozi wengi wema hushindwa: huwapa watu kile ambacho wao wenyewe wangependa kupewa.

Yafaa pia kujua utaratibu wa haja hizi katika kundi jipya. Schutz alisema ya kwamba watu wakikutana mara ya kwanza hutafuta kwanza kujua nani yumo na nani hayumo; baadaye hushindana kwa madaraka; na mwisho ndipo urafiki hupata nafasi. Kwa hiyo kamati mpya ikianza kubishana juu ya nani aamue nini, mwenyekiti asikate tamaa na kuivunja. Huenda ikawa imefika hatua ya pili tu. Na aweke mipaka ya kazi ya kila mtu kwa maandishi, wala asiwalazimishe watu kupendana kabla ya mipaka hiyo kujulikana.

Schutz alitunga na maswali 54 ya kupimia haja hizo, na kila upande wa kila haja hupata hesabu kuanzia 0 mpaka 9. Lakini hesabu kubwa si sifa, wala ndogo si aibu. Huonyesha tu jinsi mtu alivyozoea kukaa na wenzake, na mazoea huweza kubadilika. Tena si kila ugomvi hutokana na haja hizi. Aliyekula fedha za kisima amekula, na lazima ahesabiwe makosa yake. Elimu hii haikuja kufunika wizi.

Basi twawashauri wakuu wa kazi, kabla ya kumfukuza mtu au kumwita mkaidi, wajiulize mambo matatu. Je, mtu huyu anahesabiwa? Je, ajua mipaka ya madaraka yake, na twamwamini ndani yake? Je, ana rafiki katika kazi hii? Wakiisha kujiuliza, na wamwulize mwenyewe, faraghani na kwa upole, kwa kuwa ajuaye haja yake ni yeye. Maneno hayo hayagharimu hata senti moja, na pampu yaweza kupona kwayo kabla akina mama hawajarudi mtoni.