Kemikali Ndani ya Chupa ya Soda: Jinsi Watu Wanavyoumia Nyumbani na Kazini

Kemikali hudhuru mwili ikivutwa kwa pumzi, ikimezwa, ikigusa ngozi au ikiingia machoni. Mara nyingi ajali huanza pale inapohamishwa kutoka chombo chake na kutiwa katika chombo kisicho na lebo.

Nyumbani
Mitaani kama Kangemi na Kawangware, mafuta ya taa na dawa za kusafishia hununuliwa kidogo kidogo, na mnunuzi huja na chupa yake. Mtoto mwenye kiu akiiona chupa hiyo, hudhani ni soda. Mafuta ya taa yakiingia mapafuni husababisha nimonia. Ndiyo maana aliyeyameza hapaswi kutapishwa: anapotapika, yanaweza kupita tena kooni na kuingia mapafuni. Kostiki soda ya kutengenezea sabuni huchoma koo, na kovu lake huweza kuziba njia ya chakula.

Kazini
Asidi ya betri haina rangi, hufanana na maji. Fundi wa gereji katika Barabara ya Kirinyaga akiiweka kwenye chupa ya maji, mwenzake anaweza kuinywa au kunawia. Katika ofisi za katikati ya jiji, msafishaji anayechanganya jik na dawa ya choo yenye asidi huzalisha gesi ya klorini, ambayo hubana kifua na kuwasha macho. Chooni kusiko na dirisha, hatari huongezeka.

Ajali ikitokea
• Ngozi au macho: vua nguo zilizolowa, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa angalau dakika 20.
• Gesi: mtoe mtu nje apate hewa safi.
• Aliyemeza: usimtapishe wala kumpa maziwa. Mpeleke hospitalini mara moja.
• Beba chombo cha kemikali ili daktari ajue cha kutibu.

Haki ya mfanyakazi
Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri aweke lebo kwenye vyombo vya kemikali, atoe vifaa vya kujikinga na kuripoti kwa maandishi, ndani ya siku 7, ajali iliyomjeruhi mfanyakazi.

Leo, kabla ya kulala, kagua jikoni na chini ya kitanda. Chupa ya soda yenye kemikali isilale humo.