Kitenzi "Eke Out": Maana, Matumizi na Njia ya Kukifundisha

Hakuna mwalimu wa Kiingereza asiyepata kukutana na neno asilolijua mbele ya darasa lake. Katika makala haya tunakusudia kulichambua neno moja la namna hiyo, yaani kitenzi "eke out". Ni nadra kukisikia katika mazungumzo, lakini hutokea katika vitabu vya hadithi. Tumekichagua kwa sababu kilituonyesha kosa lililokuwa la mwalimu mwanafunzi na, kwa kiasi fulani, letu sisi wakufunzi.

Ilikuwa wakati wa mazoezi ya kufundisha, katika darasa la sita. Kitabu cha ziada kilikuwa na sentensi hii: "The widow eked out a living by selling charcoal." Mwalimu mwanafunzi hakulitafuta neno hilo alipoandaa somo. Alipoulizwa maana yake, aliona "out", akakumbuka kwamba huashiria kutoka, akajibu kwamba mjane alitoka katika maisha, yaani alifariki dunia. Watoto wakaandika hivyo madaftarini. Ndipo msichana mmoja akanyosha mkono na kuuliza, "Mwalimu, kama mjane alikufa, mkaa aliuuza nani?" Aliamriwa aketi, na somo likaendelea.

Baada ya kipindi tulimwuliza mwalimu huyo kwa nini hakulijibu swali lile. Alisema, "Niliona haya kukiri mbele yenu kwamba sijui." Jibu hilo lilitugusa. Ikiwa mwanachuo anaogopa alama zetu kuliko anavyoogopa kumpotosha mtoto, basi nasi tuna la kujirekebisha.

Asili na Maana

Kitenzi hiki ni cha kale. Chatokana na neno la Kiingereza cha Kale lililokuwa na maana ya kuongeza. Hata neno "nickname" lina asili hiyo: zamani lilikuwa "ekename", yaani jina la nyongeza. Watu walipotamka "an ekename" kwa haraka, herufi "n" ilihama ikajiunga na neno lililofuata.

Siku hizi kitenzi hiki huandamana na "out", na kina matumizi makuu matatu.

Kwanza, kukiongezea kitu kichache kwa kitu kingine ili kitoshe. "Mother eked out the maize flour with cassava flour." Mama aliuongezea unga wa mahindi kwa unga wa muhogo ili utoshe.

Pili, kukitumia kitu kidogo kwa uangalifu ili kidumu. "We eked out the chalk until the end of term." Tuliitumia chaki kwa kubana mpaka muhula ukaisha.

Tatu, kupata riziki kwa taabu, kwa kuungaunga. Hii ndiyo maana ya sentensi ya mjane: alijikimu kwa shida kwa kuuza mkaa.

Matumizi haya ya tatu yaliwahi kupingwa. Mwaka 1926 H. W. Fowler, katika kitabu chake maarufu cha matumizi ya Kiingereza, alieleza kwamba kinachoongezewa ni akiba iliyopo, wala si matokeo yake. Kwa hoja hiyo, mtu aweza kuuongezea mshahara wake kwa kazi ndogondogo, lakini hawezi kuyaongezea maisha ambayo bado anayatafuta. Hata hivyo, matumizi hayo yameenea, na kamusi za leo zinayakubali. Mwalimu ayafundishe bila wasiwasi.

Makosa ya Kuepuka

Kosa la kwanza ni la matamshi. Katika Kiswahili kila irabu hutamkwa, hivyo mtoto atasoma "e-ke". Katika Kiingereza "e" ya mwisho haisikiki. Neno lina silabi moja, nalo lina vina na "week". "Eked" nalo ni silabi moja, na mwisho wake husikika kama "t".

Kosa la pili ni kuiacha "out" na kusema "She eked a living." Kosa la tatu ni kukitumia pasipo na uhaba wala taabu. Mfanyabiashara tajiri hawezi kusemwa kwamba "ekes out a living", kwa kuwa kitenzi hiki hubeba ndani yake maana ya dhiki.

Njia ya Kufundisha

Tunapendekeza hatua nne. Mosi, wanafunzi waisome sentensi nzima, na ile inayofuata. Pili, waulizwe: ni nani anayetenda, anatenda nini, na hali yake ikoje? Tatu, wakisie maana, kisha kila kisio lirudishwe ndani ya sentensi ili lijaribiwe. Nne, kamusi ithibitishe.

Hatua ya tatu ndiyo kiini cha somo. Maana isiyoweza kurudi katika sentensi yake si maana ya neno hilo, hata ikiwa imetolewa na mwalimu. Msichana wa darasa la sita aliijua kanuni hiyo bila kufundishwa: aliirudisha maana ya mwalimu katika sentensi, akaona kwamba maiti haiuzi mkaa.

Na mwalimu asipolijua neno? Aseme, "Neno hili tutalitafuta pamoja." Kesho yake mwalimu mwanafunzi wetu alirudi darasani, akaifuta maana ya jana, akamwita yule msichana mbele na kuwaambia wenzake kwamba swali lake ndilo lililokuwa sahihi. Tulikuwapo. Heshima ya mwalimu haikupungua. Kipindi hicho mikono iliyonyoshwa ilikuwa mingi kuliko ya siku iliyotangulia.

Zoezi

1. Sahihisha: "The old man eked a living by mending shoes."

2. Fasiri kwa Kiswahili: "She eked out her small salary by sewing."

3. Tunga sentensi mbili zinazoweza kueleweka na darasa la sita, moja ikionyesha kuongezea, na nyingine kubana matumizi. Katika kila moja, taja dokezo litakalomsaidia mwanafunzi kukisia maana kabla hajafungua kamusi.