Arusi Yenu Iwe Yenu

Leo tunazungumza na vijana wachumba, pamoja na wazazi wao. Tunauliza: je, ni lazima kila arusi ifanane na ya jirani?

Tuchukue mfano. Kijana wa Changamwe, fundi wa magari, amechumbia msichana wa Likoni anayefundisha shule ya chekechea. Wote wawili ni watu wapole. Walifahamiana katika kwaya. Lakini kamati ya arusi imeshaketi mara tatu na kuandika: magari sita, sare za wasimamizi kumi, keki ya ngazi tano, ukumbi, mpiga picha wa video. Kijana anapiga hesabu na kuona kwamba mshahara wake wa mwaka mzima hautoshi. Arusi imeahirishwa mara mbili. Sasa anamwambia mchumba wake, "Tuanze tu kukaa pamoja, arusi itakuja baadaye." Naye msichana anamjibu, "Kwani hii arusi ni ya nani, yetu au ya kamati?"

Swali hilo ni zuri. Katika parokia zetu wapo wanaoishi pamoja miaka mingi bila Sakramenti, na bila kupokea Komunyo, kwa sababu tu hawajapata fedha za sherehe. Basi tutenganishe mambo mawili: ndoa na sherehe.

1. Kanisa linadai nini?

Tangu Mtaguso wa Trento ulipotoa amri yake mwaka 1563, Kanisa Katoliki limedai ndoa ifungwe mbele ya Paroko, au mhudumu mwingine aliyepewa ruhusa, pamoja na mashahidi wasiopungua wawili. Leo mhudumu huyo aweza kuwa padre au shemasi. Kiini ni maagano ya bwana na bibi arusi, yanayotolewa kwa hiari na mbele ya watu. Kabla yake yanakuja mafundisho, cheti cha ubatizo cha karibuni na matangazo ya ndoa.

Katika orodha hiyo hamna keki, wala magari, wala shela. Hata gauni jeupe ambalo wengi hulidhania ni amri ya dini, lilipata umaarufu baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kulivaa alipoolewa mwaka 1840. Ni mtindo mzuri, lakini ni mtindo. Bibi arusi anayependa kitenge, au leso mbili alizopewa na nyanya yake, hajapunguza chochote katika Sakramenti, mradi mavazi yawe ya heshima.

2. Wapo waliothubutu

Mwezi Januari 2017, wachumba wawili wa Nairobi walifunga ndoa kanisani kwa shilingi 100 tu, bei ya pete zao mbili. Walikuwa wameahirisha mwaka uliotangulia kwa kukosa fedha. Habari yao ilipoenea, wahisani waliwaandalia sherehe kubwa mwezi Februari. Tukumbuke lakini kwamba siku ya sherehe hiyo walikuwa tayari mume na mke. Ukumbi na maua havikuongeza neno hata moja katika kiapo chao.

Naye marehemu Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2016 juu ya upendo katika familia, aliwahimiza wachumba wawe na moyo wa kuwa tofauti. Aliona kwamba maandalizi ya sherehe huwachosha na kuwamalizia fedha, hata wakafika siku yenyewe bila nguvu, na bila kuwa wamejiandaa kwa hatua kubwa wanayoichukua.

3. Jinsi ya kupanga

Kaeni wawili kwanza, kabla ya kuita kamati. Kila mmoja aandike mambo matatu anayoyapenda kwa kweli, na matatu ambayo angeyafanya kwa kuogopa maneno ya watu. Mkilinganisha karatasi zenu mtajuana zaidi kuliko kwa mazungumzo ya mwezi mzima.

Saa. Si lazima arusi iwe mchana. Wale wapole wawili wa mfano wetu wanaweza kuomba Misa ya Jumamosi asubuhi mapema, kisha wageni wakala mahamri na mbaazi za nazi kwa chai, uwanjani pa kanisa. Saa nne kazi imekwisha, na wageni wa ng'ambo wanavuka feri kabla ya jua kali. Wengine huungana na wachumba wenzao wa parokia wakafunga ndoa siku moja na kugawana gharama.

Ibada. Zungumzeni na Padre juu ya masomo na nyimbo. Waimbaji wanaweza kuimba wenyewe na kwaya yao. Hii ni zawadi ambayo fedha hazinunui.

Mahali. Wengi hutamani kufunga ndoa ufuoni, Shelly Beach au Nyali. Sheria ya Kanisa yataka ndoa ya Wakatoliki ifungwe katika kanisa la parokia. Kwa ruhusa ya Paroko yaweza kufungwa katika kanisa jingine. Mahali pengine panahitaji ruhusa ya Askofu. Msichapishe kadi kabla ya kuuliza. Lakini hakuna anayewazuia kufunga ndoa kanisani kisha kula ufuoni. Mkifanya hivyo, ulizeni wavuvi habari za maji. Wakati wa bamvua, ufuo mlioupanga viti asubuhi waweza kuwa bahari alasiri.

Ngoma. Pwani haina upungufu. Bango, muziki uliojulikana kwa jina la Mzee Ngala wa Freretown, umechezesha arusi nyingi. Kama nyinyi ni watu wa kucheza, chezeni. Kama si watu wa kelele, msikodi vipaza sauti kwa aibu.

4. Msiwaruke wazazi

Hapa ndipo wengi hukosea. Arusi ni yenu, lakini ninyi ni watoto wa watu. Mahari na desturi za ukoo zijadiliwe mapema na kwa heshima. Mama akisema, "Mwanangu, watu watasema sina uwezo wa kumwoza binti yangu," msimjibu kwamba ni wa zamani. Mama huyo amechangia arusi za wenzake miaka ishirini, naye anaogopa aibu. Mwambieni, "Mama, tunakuomba wewe na shangazi mtupikie. Hatutaki mpishi wa kukodi." Mpeni mzazi kazi ya heshima, si habari tu.

Na kuwa tofauti kusigeuke kuwa fahari nyingine. Anayetumia mamilioni ili arusi yake isifanane na nyingine yoyote, bado anaongozwa na macho ya watu.

Kule Kana walitindikiwa divai, na Bwana hakuwaaibisha wenye arusi. Aliyekuwapo pale ndiye wa kualikwa kwanza. Arusi ni siku moja. Asubuhi yake mtaamka wawili, na ni heri muamke bila deni.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni jambo gani katika arusi tunayoipanga ambalo tunalifanya kwa kuogopa watu?
2. Tukiondoa nusu ya gharama, ni nini tusichoweza kukiacha? Kwa nini?
3. Je, Jumuiya yetu Ndogo Ndogo inawajua wanaokosa Sakramenti ya Ndoa kwa ajili ya fedha? Tunaweza kuwasaidiaje?